Shikamoo ya Mzee Mughwai

Pale kijijini Mtinko, Mzee Mughwai alipokea shikamoo kutwa nzima. Kuitoa? Alishasahau hata ladha yake.

Mkewe, Damari, alikuwa mpika pombe ya mtama. Chanjo ya korona alishachanja. Mzee aligoma.

"Korona ilinilaza, nikaamka mwenyewe," alijigamba kilabuni kwa mkewe. "Damu yangu kali. Chanjo ni ya goigoi!"

"Goigoi na kifua chako hicho kinachopiga filimbi?" Damari akamjibu. "Watafiti wanakuja zahanati kupima kinga. Nikikushinda, utaniamkia shikamoo mbele ya wanywaji hawa."

Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Nimekubali!"

Siku ya kupimwa alikunywa supu ya jogoo bakuli zima, ati damu iwe nzito. Flora, mtaalamu wa maabara, akawatoa damu wote wawili.

"Mjukuu wangu, utaionja?" mzee akauliza.

"Hapana, babu. Wewe pombe kali unaijuaje?"

"Mimi hanidanganyi mtu! Natia maji. Dhaifu inakufa papo hapo. Kali unaongeza maji, unaongeza, bado inakukunja uso."

"Basi na sisi ni hivyo hivyo. Damu ikishatulia, tunachukua maji yake ya juu. Humo mna kingamwili, askari wa mwili. Tunayazimua katika vichupa, kila kichupa maji yakizidi. Tunatia virusi, halafu tunamwagia kwenye seli hai tunazozifuga maabara. Askari wakivikamata virusi, seli zinapona. Wakishindwa, zinakufa. Tunaangalia wameshindwa kwenye kichupa kipi."

"Na supu yangu?"

"Imeishia tumboni, babu."

Majibu yakaja. "Ya bibi tulizimua, tukazimua, seli bado hai," Flora akasema. "Ya babu, kuzimua kidogo tu, seli chali. Uliugua zamani, askari wamepungua. Kwa umri wako na kifua hicho, chanja. Wala mtu hahitaji kupimwa kwanza ndipo achanje."

Mzee akakunja mkono wa shati palepale, akachanjwa.

Jioni kilabu kizima kiliwazunguka. Mzee akakohoa. "Shi... shikamoo, mama."

Damari akafuta kata ya kutekea pombe taratibu. "Marahaba, mwanangu. Kwa kuwa umechanja, leo nakupa pombe isiyozimuliwa."

Mzee akaduwaa. "Kwani siku zote...?"

Damari alishageukia mteja mwingine.

Kulipokucha, wanywaji wote walikuwa zahanati, mikono ya mashati juu, kila mmoja akiwahi kuchanja kabla mkewe hajadai wapimwe.