Zamda na Juisi ya Pakiti

Zamda wa Kabuku hakuwa mama mzembe. Jamani, huyo mama alijituma! Asubuhi alichuma matembele, akakusanya mayai ya kuku wake, akayauza kando ya barabara magari yanaposimama. Akipata pesa, mbio dukani kumnunulia Husna, bintiye mdogo, juisi ya pakiti.

"Vitamini tele. Haina mafuta," alimsomea mumewe, Mwinjuma.

"Na matembele yetu yameandikwa nini?" Mwinjuma alimtania.

"Hayana hata neno moja. Ndiyo maana nayauza!"

Lakini kliniki, mizani ilionyesha Husna amepungua tena. "Nitampoteza mwanangu," Zamda alisema, machozi yakimtoka.

"Pole, Mama Husna. Anakula nini?" aliuliza Evodia, muuguzi.

Zamda akatoa pakiti kwenye mkoba. "Uji kidogo na hii. Soma mwenyewe, nesi."

Evodia akaisoma mbele na nyuma. "Hawajadanganya. Vitamini imo, mafuta hayamo. Ila ona haya maandishi madogo. Sukari ni nyingi, na hiki ni kipimo cha kikombe kimoja tu. Husna anakunywa vingapi?"

"Anamaliza pakiti nzima."

"Basi anashiba sukari, chakula hakiingii. Halafu pakiti haijui mtoto amekosa nini. Husna amekosa vyakula vya kujenga mwili. Mayai, kunde, karanga. Na mboga za majani."

"Na mafuta?"

"Kidogo anayahitaji. Mtoto anayekua si kama mtu mzima anayepunguza unene."

"Lakini mayai hayajaandikwa kitu, nesi!"

"Yaandikwe na nani, kuku?"

Zamda akacheka huku analia. Kumbe chakula chenyewe alikuwa anawapa wasafiri!

Tangu siku hiyo, Husna alikula kwanza, yaliyobaki ndiyo yakauzwa. Yai, kunde, matembele ya nazi, uji wenye karanga zilizosagwa. Mwanzoni alililia juisi mpaka majirani wakaja kuuliza. Zamda hakulegea. Baada ya wiki kadhaa, mtoto mwenyewe alikuwa anavuta sahani.

Siku ya kliniki, mizani ilipanda. Zamda akapiga kigelegele, foleni nzima ikageuka.

"Mwenzetu, umempa dawa gani?" mama mmoja akauliza.

"Dawa? Wala! Nimeacha kuwauzia watu chakula cha mwanangu."