Chambo cha Farasi

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kwenye karakana ya babu yake, fundi wa kufuli. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Babu aliweka tupa kando, akapangusa vumbi la chuma kwenye mfuniko wa sanduku la vifaa, ambapo alikuwa amechora ubao wa sataranji, wakacheza. Farasi mmoja alipotea zamani. Nafasi yake ilishikwa na kufuli bovu lisilo na ufunguo.

Hapo ndipo alipojifunza mbinu ambayo wachezaji wachache huthubutu kuitumia. Katika hatua ya nne tu, farasi anamla askari wa katikati, huku akijua kwamba naye ataliwa papo hapo. Ni chambo. Adui akishakimeza, askari wako wanawafukuza farasi wake mpaka hawajui wajifiche wapi. Babu alimwambia kwamba hilo lilikuwa nusu ya somo, lakini Chiriku alikuwa ameshachukua mkoba. Haraka ilimwasha.

Shuleni alimshinda kila aliyekaa mbele yake. Mwalimu wa hesabu, msimamizi wa chama cha sataranji, akauliza ni nani aliyemfundisha. Wenzake walizoea kumtania kwamba babu yake ananuka kutu, naye akaona haya kumtaja.

"Nimebuni mwenyewe, mwalimu," alisema.

Mwalimu akabandika karatasi ukutani: Mbinu ya Chiriku. Akamteua aongoze timu katika mashindano na shule za jirani.

Wiki hiyohiyo babu alipooza upande wa kulia. Ulimi nao ukafungika. Mama alipomtaka akamjulie hali, Chiriku alisingizia kazi za shule. Siku kumi na mbili hakukanyaga kule. Angemtazamaje usoni?

Siku mbili kabla ya mashindano, alifanya mazoezi na msichana mmoja wa timu, mwenye miwani, ambaye hakuwa na makuu. Msichana akamla farasi wa chambo. Askari walipomjia, hakukimbia. Alimwacha farasi wake mwenyewe aliwe, akarudisha alichokichukua, kisha akashambulia kwingine. Chiriku alipapasapapasa kama kipofu sokoni, akafungwa.

Mwalimu akazirudisha kete pale alipokwamia. "Ulipobuni mbinu hii, hapa ulipanga kufanya nini?"

Chiriku wa maneno elfu aligusa kete moja, akaiacha, akagusa nyingine. Wenzake wakaanza kuchekacheka.

"Sikubuni," hatimaye alisema. "Ni ya babu. Na yeye hakuninyima nusu ya pili. Mimi ndiye niliyeondoka."

Mwalimu hakumkaripia. Alibandua karatasi, akamkabidhi, na uongozi wa timu akampa mwenye miwani. Kisha akaomba kupelekwa kwa babu.

Chumba kilinuka dawa. Chiriku alipiga magoti kando ya kitanda, akasema yote, hata lile la kutu. Midomo ya babu ilihangaika kutafuta neno, na neno halikuja. Lakini mkono wa kushoto ulionyesha ule mfuniko wenye ubao, ulioletwa pamoja na kete na kuegemezwa ukutani. Chiriku akaulaza kitandani, akazipanga kete pale alipokwamia. Mkono ule ukamsukuma malkia hadi katikati ya ubao, na njia iliyozibwa ikaonekana. Jibu lilikuwa likimsubiri tangu siku ile alipochukua mkoba.

Nyuma ya karatasi ileile akaandika: Mbinu ya Fundi wa Kufuli. Babu aliishika kwa vidole vyake vizima, hakuiachia.

Mlangoni, mwalimu alimshika bega. "Umemchukulia kitu mtu ambaye sasa hawezi hata kusema kwamba ni chake," alisema. "Bahati yako umemkuta. Cha mtu mrudishie angali na mkono wa kukipokea, mwanangu. Akishaondoka, utamrudishia nani?"