Kura Aliyoizuia Pasindu

Visu vya kottu, chapati zinazokatwakatwa na mboga juu ya bamba la moto, vilikuwa vikigonga chuma kwa fujo pale mgahawani mtaa wa Wellawatte. Dilukshi, gauni la njano, nywele zimelowa mvua, alisimama foleni nyuma ya kijana mrefu mwenye fulana ya Kurulu, ile programu huria ya njia za mabasi inayojengwa na watu wa kujitolea.

"Kaka, na wewe uko Kurulu?"

"Naitwa Pasindu. Nakagua kazi za watu."

"Kumbe ndiye wewe. Umenirudishia yangu mpaka nimekonda."

Pasindu akamwangalia vizuri. "Dilukshi? Mbona hujakonda? Haya, chakula leo juu yangu."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Walikula pamoja kila Jumamosi, wakataniana, wakapigiana simu hadi masikio yakapata moto. Ila neno lenyewe hakuna aliyelitamka.

Dilukshi alikuwa na hamu moja: ufunguo wa Kurulu, yaani ruhusa ya kuingiza kazi yake bila kumsubiri mtu. Wenye ufunguo, wengine wao Wajerumani, hupiga kura kwa siri kwenye baraza lao, na zinatakiwa tatu. Alishapendekezwa. Akasikia mbili zimepatikana, kisha kimya. Akampigia Pasindu.

"Umenipigia kura?"

"Hapana."

"Utapiga lini?"

"Sipigi, Dilukshi. Na sababu siwezi kusema. Ya barazani hubaki barazani."

"Basi baki na baraza lako." Akakata simu. Alilia, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri.

Wiki iliyofuata simu ikaita kutoka Jaffna. Alikuwa mama Yogarani, mkongwe wa Kurulu, mtu asiyesifu watu ovyo.

"Hongera, mwanangu. Ya tatu nimepiga mimi. Kazi yako safi. Sasa u mwenzetu, naweza kukwambia: yule kijana wako Pasindu alijitoa mapema kwenye kura yako. Alisema anakupenda, na hataki mtu aje aseme ufunguo ulipewa kwa mapenzi."

Dilukshi hakungoja hata kubadilisha kandambili. Alimkuta Pasindu kwenye meza yao, chai imepoa mbele yake.

"Umemwambia mama wa Jaffna unanipenda. Umewaambia na Wajerumani. Mimi je?"

"Nilikuwa naogopa."

"Wajerumani hukuwaogopa?"

Pasindu akacheka, akamshika mkono. "Nakupenda, Dilukshi. Nataka nikuoe. Unasemaje?"

"Ndiyo," akasema, akiivuta ile chai upande wake. "Na hapa kura moja inatosha."