Mkanda wa Robota

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwanza stoo ya mama, pale mtaa wa Xiaobei, huku China, chini ya jengo la wakala wa mizigo. Mama yangu, Zainabu, alikuwa ananunua nguo katika soko la jumla la Shisanhang na kuzipeleka Dar es Salaam kwa meli. Kazi yangu ilikuwa kubandika majina ya wateja kwenye marobota. Wafungaji walizibana nguo kwa mashine, wakazungusha mikanda ya plastiki, wakaikaza mpaka lundo lililonifika kifuani likanifika magotini. "Ukibana vizuri, kila kitu kinaingia," mama alizoea kusema.

Jumatano na Jumamosi nilikwenda darasa la yoga katika ukumbi mdogo mtaa wa Dengfeng. Lilikuwa wazo la mama, si langu. Aliniambia, "Muzdalifa, una miaka kumi na miwili lakini unakaa umepinda utadhani bibi yangu. Nenda ukanyooshe mgongo." Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kichina, Mwalimu Lin, mpole lakini hana mchezo.

Humo ndimo nilimokutana na Jovitha. Baba yake, Geofrey, alikuwa anasomea udaktari wa falsafa chuo kikuu, na wao walikuwa wamekaa China miaka minne. Mimi nilikuwa na miezi mitano tu. Tukiambiwa tukae chini, tunyooshe miguu na kuinama mbele, vidole vyangu viliishia magotini. Jovitha yeye alilala juu ya miguu yake, paji la uso kwenye magoti, ametulia tuli, kama yuko kitandani kwao. Jamani, nilimchukia! Nilichukia mkeka wake wa zambarau. Nilichukia hata namna alivyopumua.

Siku moja mama alikuja kunichukua, akasimama mlangoni akitazama. Tulipotoka akasema, "Mwone mwenzio Jovitha. Mtoto laini yule, maashallah!" Mimi hakuniambia kitu. Wivu ukanijaa. Kuanzia hapo sikutaka mgongo ulionyooka tena. Nilitaka mama anisifu mimi.

Basi Mwalimu Lin akatangaza kwamba Sikukuu ya Watoto, tarehe mosi Juni, tungefanya maonyesho mbele ya wazazi, na mtoto mmoja angekaa mbele kuwaongoza wengine. Zilibaki wiki mbili. Nikajisemea kwamba wiki mbili ni nyingi, kwani kontena zima linajaa kwa siku tatu. Niliinama asubuhi, niliinama mchana, niliinama nikipiga mswaki. Siku ya kumi vidole vilikuwa palepale magotini, na Mwalimu Lin akamchagua Jovitha.

Jioni ileile, mama akiwa bado Shisanhang, nilibaki peke yangu stoo. Nikautazama mkanda wa plastiki uliokuwa sakafuni. Nikajiambia, ikiwa nguo zinabanwa zikakubali, mimi nina nini? Nikakaa, nikanyoosha miguu, nikapitisha mkanda chini ya nyayo na kuuzungusha mgongoni, nikaanza kuuvuta kwa nguvu zangu zote. Uso ulishuka. Ukashuka tena. Nikafurahi! Halafu kitu kikaachia nyuma ya paja la kulia, nikapiga yowe ambalo nadhani walilisikia mpaka barabarani.

Mama aliponikuta nalia nimeshika mguu, nilikuwa nimeshautupa mkanda nyuma ya marobota. "Nani amekufanya hivi?" akauliza. Ningeweza kusema ukweli. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Jovitha. Alinikandamiza mgongo darasani."

Mama aliwaka. Alimpigia simu Mwalimu Lin papo hapo, akimfokea kwa Kichina chake cha sokoni. Darasa lile lilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: hakuna kumsukuma wala kumkandamiza mwenzako. Mwalimu Lin akasema Jovitha asije darasani mpaka jambo lieleweke, na maonyesho asingeyaongoza. Nililala na mguu unaouma, lakini moyoni, astaghafiru, nilikuwa nachekelea.

Kesho yake mlango wa stoo uligongwa. Alikuwa Jovitha na baba yake, wamebeba machungwa na dawa ya kuchua. Macho ya Jovitha yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mama," akamwamkia mama yangu. Kisha akanigeukia. "Muzda, nimefikiria usiku kucha, sikumbuki. Lakini tulikaa karibu, labda nilikuegemea bila kujua. Kama ni mimi, nisamehe."

Baba yake akaongeza, "Mama Muzda, mwanangu hajafundishwa kuumiza watu. Ila kama amekosa, amekosa."

Nilitegemea angebisha. Angebisha, ningebisha, mambo yangekwisha. Lakini yule mtoto alikuwa anajishuku mwenyewe kwa kosa langu! Nilijiona mchafu. Nikaingiza mkono nyuma ya marobota, nikautoa mkanda.

"Si yeye," nikasema, nikaanza kulia upya. "Ni mimi. Nilijibana na huu. Nilitaka kulala juu ya miguu kama yeye."

Geofrey alimshika binti yake bega tu. Mama akavaa viatu. "Twende kwa mwalimu," akasema. "Ulivyomharibia jina mbele ya watu, mbele ya watu utalisafisha."

Nilikwenda nikichechemea, tukawakuta wenzangu kwenye mazoezi ya ziada ya maonyesho. Nikasema yote mbele ya darasa zima. Kichina changu kilipoishia, Jovitha mwenyewe alinisaidia kutafsiri, hata pale niliposema nilimchukia. Mwalimu Lin alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa mkekani, akajaribu mkao mmoja mgumu, kisigino chake kikagoma kufika sakafuni. Akacheka, akasema maneno ambayo Jovitha alinitafsiria polepole:

"Mwalimu anasema anafanya yoga mwaka wa kumi na moja, na mkao huu bado. Anasema hata mimi mwenyewe nilianza miaka mitatu iliyopita, na mwanzoni nilikuwa nalia. Anasema yoga itakupa mgongo ulionyooka, pumzi iliyotulia na usingizi mzuri, taratibu. Haitakupa mwili wa mwenzako."

Tarehe mosi Juni Jovitha aliongoza, na mimi nilitazama kutoka kwenye kiti, mguu umefungwa bandeji. Alipoinama wazazi wakapiga makofi. Nisidanganye, wivu ulinichoma bado kidogo. Mama aliniona. Akanivuta karibu.

"Na mimi nilikosa," akasema. "Nilikupeleka unyooshe mgongo, halafu nikamsifu mtoto wa watu kwa jambo jingine, wewe nikakusahau. Leo umekaa wima kutwa nzima, unajua? Nimekuangalia. Mwili wako si mzigo, mwanangu, haubanwi ili ufike mapema. Fanya zoezi lako, ngoja, na usimsingizie mtu kwa sababu amekutangulia."

Nikajitazama. Ni kweli, mgongo wangu ulikuwa haujagusa kiti. Nikampigia Jovitha makofi, ya kwanza kwa shida, yaliyofuata kwa moyo.