Lango Lisilo na Uzio

Ng'ombe wote wa Bronwen Hartigan walikuwa wametoweka, na hapakuwa na mzoga hata mmoja.

Hilo ndilo lililomkera Inspekta Nerida Pascoe wa kikosi cha wizi wa mifugo. Alisimama kwenye malisho ya juu, buti zimezama majivuni. Moto ulikuwa umepita bonde zima la Kurrabri. Ulikula mikalitusi, ukala nguzo za uzio, ukala majani mpaka mizizi. Kwenye ranchi nyingine matingatinga yalikuwa bado yanafukia mizoga. Hapa patupu! Na moto, kwa uroho wake wote, haumezi ng'ombe na mifupa yake.

"Wameibwa," alisema Bronwen, mjane mwenye ranchi. "Bucha la mjini siku hizi linauza soseji za kuku tu. Mwenye ng'ombe leo ana dhahabu. Na mimi sikuwepo nyumbani."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye gari la zimamoto. Mimi ndiye kapteni wa kikosi cha kujitolea. Tulikuwa tunaokoa shule."

Alilisema bila majigambo. Lakini Nerida alikuwa amepita mjini, akaiona shule imesimama, akasikia kwamba mama huyu haruhusiwi tena kulipia hata mkate.

"Una adui?"

"Nani asiye naye? Lakini wa kuniibia ng'ombe, hapana." Bronwen alikohoa, moshi ulikuwa haujamtoka kifuani. "Ijumaa anakuja mnunuzi wa ranchi. Yale majike ndiyo ukoo aliouacha marehemu mume wangu, Alf. Bila wao nitafuga nini hapa, nzi? Nitatia saini, niende kwa dada yangu pwani."

Barabarani chini msafara wa malori ulipita, umesheheni marobota ya majani makavu, ukipiga honi. Wafugaji wa mbali, wasiomjua mtu bondeni, walikuwa wamejichangisha na kuyaleta bure. Bronwen alipunga mkono mpaka lori la mwisho likapotea. Machozi yalimtoka.

"Mungu awabariki watu wale. Wameniletea chakula cha ng'ombe, na ng'ombe sina. Aibu gani hii, inspekta?"

Macho ya Nerida yalikuwa chini. Alichuchumaa, akachokoa kitu kwa kijiti.

"Mavi," alisema.

"Ranchi hii imejaa mavi, inspekta."

"Haya yako juu ya majivu. Hayakuungua." Akainuka. "Moto ulipokwisha kupita, ng'ombe wako walikuwa hai, wamesimama hapa hapa."

Wakayafuata mavi hayo mpaka mpakani, na pale Nerida akaangua kicheko ambacho hakukitarajia. Lango la chuma lilikuwa limesimama peke yake. Kushoto hapakuwa na uzio. Kulia hapakuwa na uzio. Na lango lilikuwa limefungwa, tena kwa mnyororo!

"Eh! Nani huyu anayefunga mlango wa nyumba isiyo na kuta?"

Alivaa glavu, akaufungua mnyororo polepole. Chini yake chuma kilikuwa na masizi. Kwa hiyo mkono ulioufunga uliufunga baada ya moto. Mwizi wa kutoka mbali angeswaga ng'ombe popote. Huyu alikuwa mtu wa ng'ombe. Alifunzwa tangu utotoni kwamba langoni ukipita, unafunga, na mkono ukafunga bila kumwuliza mwenyewe.

"Mizunguko miwili kwenye nguzo ya lango," alisema Nerida. "Wewe hufunga hivyo?"

Bronwen alitoa macho. "Hapana. Ni Clarrie Budge, jirani. Aliwahi kuwa na ng'ombe aliyefungua malango kwa ulimi, basi tangu siku hiyo lazima azungushe mara mbili. Alf alikuwa akimtukana kila majira ya baridi, akihangaika kufungua kwa vidole vilivyokufa ganzi." Kisha uso ukamsawijika. "Clarrie? Haiwezekani."

Walimkuta mzee Clarrie kando ya mto, kwenye kipande pekee cha kijani kilichobaki bondeni. Nyuma yake ng'ombe wekundu wenye nyuso nyeupe walikuwa wanatafuna majani yake makavu ya akiba. Alipoliona gari la polisi alivua kofia.

"Hereni za masikioni ni za nani, Clarrie?" aliuliza Nerida.

"Za Bronwen."

"Uliwachukua?"

"Niliwachukua."

"Wa kuuza?"

"Shika adabu yako, binti!" Mzee alifoka, kisha akakumbuka anasema na nani. "Samahani. Si wa kuuza."

"Basi kwa nini hukusema?"

Clarrie aliipinda kofia yake mikononi.

"Kwa sababu niliwasha moto. Niliuona ule mkubwa unakuja, na majike yamebanwa kwenye uzio. Simu zilikuwa zimekufa. Nikayachoma malisho ya juu ya Bronwen, nikawasukumia ng'ombe kwenye weusi wa majivu. Palipokwisha kuungua hapaungui tena. Moto ukaja, ukatupita pande zote mbili, nasi tumesimama katikati. Ulipokwisha nikawaleta hapa, penye majani. Halafu nikasikia mjini wanamtafuta aliyewasha moto, wakimpata watamla nyama. Siku ile ilikuwa marufuku kuwasha hata jiko la nje. Nani angeniamini?"

"Mzee, moto mkubwa uliletwa na radi. Tulithibitisha jana."

Clarrie alikaa chini pale pale kwenye nyasi.

"Radi," alisema. "Na mimi silali!"

"Lakini kwa nini ujitie hatarini hivyo?" Bronwen aliuliza.

"Kwenye ule ukame mkubwa, Alf alinifungulia bwawa lake. Ng'ombe wangu walikunywa, wake wakapungukiwa. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumshukuru, si unajua nilivyo mzito wa maneno. Akafa sijayasema." Alielekeza kidole kwa ng'ombe. "Basi ndiyo hayo."

Bronwen alimvuta mzee wa watu akamkumbatia, kofia na vumbi lake lote.

"Bado ulikiuka marufuku," Nerida alisema baadaye, akijikaza. "Ya wizi nimeyafunga. Hili la moto lazima nilipeleke mbele."

"Lipeleke," alisema Clarrie.

"Lipeleke na kauli yangu," alisema Bronwen. "Andika: kapteni wa zimamoto anasema malisho yaliyochomwa ni yake, na angekuwepo angewasha mwenyewe. Na kortini nitakaa karibu naye. Mnunuzi nitampigia simu leo, asijisumbue na safari."

Wakawaswaga ng'ombe nyumbani, kwenye majani yaliyoletwa na wageni. Pale mpakani ardhi ilikuwa wazi kulia na kushoto. Bronwen alifungua lango hata hivyo, na majike yakapita katikati yake kwa foleni.

Clarrie alikuwa wa mwisho. Alinyoosha mkono kwenye mnyororo, akasita, akamtazama Bronwen.

"Funga," alisema Bronwen. "Mara mbili."