Maziwa ya Arasa Yaliyogeuzwa Kastadi

Ndugu zangu wa kambini, nisikilizeni. Jambo hili lilitokea mwaka wa 1934, katika shamba moja la chai karibu na Kericho, na mimi nilikuwepo.

Jumamosi moja mvua ilikuwa imekatika na nyumba ya Makori ilinukia hadi njiani. Makori alikuwa mpishi wa meneja. Alikuwa ameumua unga wa ngano kando ya moto, akaoka skonzi ndani ya debe lenye makaa chini na juu ya kifuniko. Kisha akazipasua ubavuni, akazijaza kastadi, ule uji mzito wa mayai, sukari na maziwa, na juu yake akamimina chokoleti iliyoyeyushwa, kipande alichopewa na memsabu, mke wa meneja.

"Kwa bwana mkubwa mnachungulia tu dirishani," alituambia. "Hapa kwangu mnakula."

Tukala. Karani Okeyo akalamba vidole. "Makori, wewe si mtu wa kambi kama sisi!"

Sifa hiyo ilimlewesha. Tangu siku hiyo akatualika kila Jumamosi, na hakuna aliyeuliza maziwa yanatoka wapi.

Mkewe, Sellah, alikuwa na mtoto wa miezi minane, Arasa. Homa ilikuwa imekausha maziwa yake mwenyewe, kwa hiyo kila asubuhi alipata kibuyu cha maziwa kwa Taprandich, mama Mkipsigis wa ng'ambo ya mto. Sellah alimlipa kwa kupalilia wimbi lake. Mgongo ulimuuma, lakini mtoto alikunywa.

Sasa Makori akaanza kujifunza kupika kastadi kwa maziwa hayo hata katikati ya wiki. Kastadi ikifanya mabonge, alimwaga yote na kuanza upya. Hebu fikirini: alimwaga!

"Baba Arasa, mtoto anakunywa uji wa maji matupu tangu jana," Sellah alimwambia.

"Kesho utaletewa mengine."

"Juzi pia ulisema hivyo."

"Mama Arasa, usinisumbue. Kastadi itashikana."

Sellah akaficha kibuyu chini ya kitanda, Makori akakipata. Ndipo mama huyo akaenda kumlilia mzee wa kanisa. Mzee akamjibu, "Vumilia, mama. Bwanako anawaletea heshima." Mzee huyo ni mimi, Nyaberi. Nilijibu hivyo kwa sababu nilitaka Jumamosi ifike. Mpaka leo jibu hilo linanichoma.

Jumamosi iliyofuata, tukiwa mezani, Sellah aliingia, akafungua shuka na kumlaza Arasa kando ya sinia la skonzi. Tumbo lilikuwa limevimba, na miguu haikuzidi unene wa vidole vyangu viwili. Hakulia. Hakuwa na nguvu ya kulia.

"Kuleni," Sellah alisema. "Haya ndiyo maziwa yake."

Okeyo akatema kilichokuwa mdomoni. Nilimtazama Makori, nikidhani atamkimbilia mwanawe.

"Umeniaibisha mbele ya watu!" alimfokea mkewe.

Mimi na Okeyo ndio tuliomsindikiza Sellah hospitalini, tukipokezana mtoto njiani. Alilazwa majuma sita. Alipona, ila, kama tulivyosikia baadaye, alikuwa na miaka mitatu ndipo alipoanza kutembea. Ndugu za Sellah walikuja kutoka Kisii wakawachukua wote wawili, na hawakurudi tena.

Na Makori? Jumamosi baada ya kuondoka kwao alioka tena. Alipanga skonzi mezani, akasimama mlangoni akituita kwa majina, mmoja mmoja. Tulimsikia sote. Hakuna aliyeenda.

FUNZO

Baba, usitafute sifa za watu kwa chakula cha mtoto wako. Wageni wataondoka na sifa zao, nawe utabaki na nyumba tupu. Na sisi tunaokaribishwa, tuulize kama watoto wa nyumba hiyo wamekula. Mama akija kwako kulia njaa ya mtoto, usimwambie avumilie kama nilivyomwambia mimi. Inuka uende naye.