Vuta Nne, Toa Nane

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuamshwa na jogoo. Tuliamshwa na nyundo. Baba ni fundi wa mageti, na karakana yake iko mbele ya nyumba, ikitenganishwa na chumba cha Mama kwa ukuta mmoja tu. Saa moja kamili asubuhi, paa! paa! paa! Kisha mashine ya kukatia vyuma inalia mpaka meno yanauma. Juu ya hayo kuna kelele za Baba na Baba Mdogo, ndugu yake wa tumbo moja anayefanya naye kazi. Wale watu wawili walipendana sana, lakini kupendana kwao kulikuwa kwa kutukanana.

Na mimi je? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mtaa mzima uliniita Pilipili, na jina hilo sikulipata kwa kugawa peremende. Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili, na ukinichokoza nilijibu kwa ngumi kwanza, maneno baadaye.

Mama peke yake ndiye aliyekuwa mpole, na mwaka huo alikuwa mjamzito. Tumbo lilikuwa limefika mwezi wa tisa. Kila Jumanne alikwenda kituo cha afya, ambako mkunga mmoja mfupi mwenye miwani aliwafundisha wajawazito kujiandaa kujifungua kwa utulivu. Siku moja nilimsindikiza. Nikakuta wanawake sita wameketi kwenye mikeka, macho wameyafumba, wanapumua.

"Vuta taratibu kwa hesabu ya nne," mkunga alisema. "Toa taratibu zaidi, kwa hesabu ya nane. Shusha mabega. Legeza taya. Mama mwenye hofu hukaza mwili mzima, na mwili uliokazwa huumia zaidi. Huu si uchawi, wala sisemi hamtasikia uchungu. Na akihitajika daktari, tutamwita mara moja. Pumzi haishindani na daktari."

Kila mama alichagua maneno yake ya kujiambia. Mama alichagua haya: "Mwili wangu unajua njia." Tulipokuwa tunaondoka, mkunga akamvuta kando. "Presha yako imepanda mara mbili. Siku ikifika usithubutu kuzalia nyumbani. Umenisikia, mama?"

Mama aliitikia, lakini njiani alitembea ameinamisha uso. Nilipomuuliza ana nini, alinijibu bila kunificha. "Nilipokuzaa wewe, nililia kwa hofu. Muuguzi wa zamu akanizaba makofi mawili ya paja, akaniambia nifunge mdomo. Ndiyo maana miaka kumi na miwili sikutaka mtoto mwingine."

"Nani huyo? Nionyeshe nyumba yake!" nilisema huku nakunja ngumi.

"Ukimpiga, mimi nitapumua vizuri?" Mama aliuliza, akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, siogopi uchungu. Naogopa vurugu. Siku hiyo nikisikia watu wanapigana, nitajifungia chumbani mwangu na sitatoka. Najijua."

Basi tukawa tunafanya mazoezi kila jioni. Mimi nilimwekea Mama mkono begani, nikamwambia, "Shusha mabega," kisha nikahesabu, na mabega yake yalikuwa yanashuka yenyewe. Upande wa pili wa ukuta Baba alikuwa anatucheka. "Kupumua nako kunafundishwa? Kesho mtafundishwa kupiga chafya!"

Alhamisi ya wiki ya tatu mwenzangu wa dawati alinicheka vilevile. "Eti mama yako anakwenda kusomea kupumua! Mbona hata kuku wetu anajua!" Darasa likaangua kicheko. Sikusubiri. Nilimpiga ngumi ya pua, damu ikaruka mpaka kwenye daftari lake la hesabu. Aliponishika nywele nilimgonga kichwa kwenye dawati, na ilibidi walimu wawili waje kututenganisha. Nilirudi nyumbani na barua ya mwalimu, na mdomo uliovimba.

Mama aliisoma barua ile, akashusha pumzi. Hakunipiga. Aliniambia tu, "Mkono huohuo unaopiga watu ndio ninaoutegemea unishike." Maneno hayo yaliniuma kuliko bakora. Nikataka kumfanyia jambo zuri la kumfurahisha. Mafundi walikuwa wametoka, nikaingia karakana, nikachukua chaki ya Baba na kumchorea Mama ngazi kubwa sakafuni: vidato vinne vya kupanda kwa kuvuta pumzi, vinane vya kushuka kwa kuitoa. Aweze kuifuata kwa macho.

Sasa, katika karakana yetu chaki ya sakafuni ni sheria. Baba akitoka kupima kwa mteja, vipimo vyote huviandika pale chini, na Baba Mdogo hukata chuma kwa kufuata kilichoandikwa, haulizi. "Atakayefuta chaki yangu nitamkata masikio," Baba husema kila siku. Na mimi, kwa kutafuta nafasi, nilikuwa nimefuta kipimo kimoja kwa kiganja. Nilipogundua, moyo ulinilipuka. Nikaandika upya nilichokumbuka: 168. Nilihisi kama kuna kitu hakijakaa sawa. Lakini nikajiambia, ah, ni hiyohiyo.

Ijumaa Baba Mdogo alikata. Nilisimama mlangoni nikitazama cheche zinavyoruka. Ulimi wangu ulitaka kusema, "Ngoja, muulize Baba kwanza." Niliumeza ulimi. Jioni sakafu ikafagiliwa, ngazi yangu ikaenda na vumbi, nami nikajiona nimepona.

Jumamosi saa nne asubuhi walirudi kutoka kwa mteja, geti likiwa bado juu ya pikapu. Nilijua kabla hawajashuka. Geti lilikuwa na pande mbili, na kila upande ulipungua sentimita kumi na nane.

"Pengo la kupita mbuzi wawili!" Baba alinguruma. "Mteja kanifukuza mbele ya majirani kama mwizi! Niliandika mia themanini na sita!"

"Uliandika mia sitini na nane, kaka. Nimekata ulichoandika."

"Unaniita mwongo?"

"Nakuita mzee. Macho yamekwisha, kiburi kimebaki."

Baba alimzaba kofi lililosikika mpaka barabarani. Baba Mdogo akayumba, akajibu kwa kichwa, na midomo ya Baba ikapasuka. Niliwahi kuwaona wakigombana, lakini hii haikuwa ile ya siku zote. Waliangushana juu ya vyuma, meza ikapinduka, misumari ikamwagika. Baba Mdogo aliokota kipande cha bomba akampiga nacho Baba mgongoni. Baba akaguna, akalinyakua bomba, akamrudishia juu ya jicho. Ngozi ilichanika na damu ikamfunika nusu ya uso.

"Nitakuua leo!" Baba alipiga kelele. Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake.

Mlango wa ndani ukafunguka. Mama alisimama pale ameshika tumbo, gauni limelowa chini. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka. Alimtazama mumewe, akamtazama shemeji yake, akaiona damu. "Acheni," alisema. Hawakumsikia. Akarudi ndani, nikasikia komeo la chumba chake likifungwa.

Nilikimbilia mlangoni. "Mama! Fungua, twende kituoni!"

"Siendi popote! Sitapita kwenye damu hiyo!" Halafu akaguna kwa uchungu, na pumzi zake zilikuwa fupi fupi, kama za mtu anayekimbizwa. Nikakumbuka presha. Mama yangu angeweza kufa mle ndani, na sababu ningekuwa mimi na chaki yangu.

Nilirudi karakana, nikashika nondo iliyokuwa ukutani. Ndiyo, nakiri. Niliiinua ili nikawatandike wote wawili, maana hiyo ndiyo njia niliyoijua. Hapo ndipo nikajisikia nikihesabu kimoyomoyo, kwa mazoea tu: vuta, moja, mbili, tatu, nne. Toa. Nilipofika nane nilikuwa nimeiweka nondo chini.

Baba alikuwa amemwekea Baba Mdogo goti kifuani, nyundo ameiinua juu. Nilipita nyuma yake, nikamwekea mkono begani, pale pale ninapomwekea Mama.

"Shusha mabega, Baba."

Wiki tatu alikuwa ameyasikia maneno hayo kupitia ukutani, huku akicheka. Bega lake lilishuka chini ya mkono wangu kabla yeye mwenyewe hajajua. Akageuka kunitazama, macho mekundu.

"Baba Mdogo hakukosea," nilisema. "Na wewe hukukosea. Mimi nilifuta chaki. Nikaandika upya, nikakosea, nikanyamaza."

Baba aliinua mkono wa kushoto, ule usio na nyundo, nami nikafumba macho nikingoja. Lakini Baba Mdogo alikohoa pale chini, akasema, "Kaka, utampiga baadaye. Mkeo yuko peke yake."

Baba alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Alikimbilia mlangoni na nyundo yake. "Mama Pilipili! Fungua au navunja!"

"Usivunje!" nilimwambia. "Mhesabie."

"Nimhesabie nini?"

"Si unajua? Vuta nne, toa nane."

Baba yangu, fundi anayesikika mitaa mitatu, aliweka paji la uso mlangoni na kuanza kuhesabu kwa sauti ndogo, damu ikimdondoka kidevuni. "Vuta, mke wangu. Moja. Mbili. Tatu..." Mara ya kwanza alijibiwa na kilio. Mara ya pili pia. Mara ya tano nikasikia pumzi ya Mama ikirefuka. "Tumeacha," Baba alisema. "Wallahi tumeacha. Nisamehe." Komeo likafunguka.

Geti lilishushwa, godoro likawekwa nyuma ya pikapu. Baba Mdogo aliendesha kwa jicho moja, kitambaa kimefungwa kichwani. Kila wimbi la uchungu lilipokuja, Mama alifumba macho na kunong'ona, "Mwili wangu unajua njia," na sisi tukahesabu.

Kituoni mkunga alipima presha, akakunja uso. Akampa Mama dawa, akampigia simu daktari awe tayari, kisha akauliza, "Msindikizaji ni nani?" Baba akanawa uso na mikono, akaingia. Mimi na Baba Mdogo tulibaki kwenye benchi la nje. Alishonwa na muuguzi nyuzi sita pale pale, na kila sindano ilipoingia alinifinya mkono. "Hesabu na mimi basi, Pilipili," aliniomba. "Au hizi nane ni za wanawake tu?"

Dirishani ilikuja sauti ya Baba ikihesabu, saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara nikasikia, "Saba, nane, tisa, kumi..." na Mama akidakia kwa ukali, "Ishia nane! Unataka nizimie?" Mkunga alicheka kwa sauti. Mara mbili Mama alipiga ukelele, na mara zote mbili nilisimama. Hakuna aliyemzaba kofi. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Halafu kilikuja kilio kidogo, chembamba, cha hasira tele. "Huyo naye pilipili," Baba Mdogo alisema, akafuta jicho lililokuwa zima.

Mkunga alitoka akamtazama yule mwenye nyuzi, akanitazama mimi. "Wako salama, mama na binti, na presha imeshuka. Sasa nielezeni. Mlikuwa mnatoka vitani?" Baba Mdogo alifungua mdomo kunitetea. Nilimtangulia. Nikasema yote, kuanzia pua ya mwenzangu wa dawati mpaka nondo.

"Kwa hiyo Ijumaa uliona chuma kinakatwa, ukakaa kimya," mkunga alisema.

"Ndiyo."

"Moyo ulikuwaje?"

"Ulikuwa unadunda. Usiku sikulala vizuri."

Alivua miwani, akaketi kando yangu. "Basi ukumbuke hivyo maisha yako yote, binti. Kunyamaza si kutulia. Mtu anaweza kuwa kimya huku ndani anawaka, na moto huo hutafuta pa kutokea: kwako ulitokea kwenye vichwa vya baba zako. Pumzi ninazofundisha hapa hazifichi kosa. Zinakupa nguvu ya kufanya lililo gumu bila kupiga mtu. Mama yako amezaa. Na wewe umesema kweli. Yote mawili yanauma, na yote mawili hayangojei."

Tuliruhusiwa kuingia. Mama alikuwa amechoka, nywele zimemgandia usoni, anatabasamu. Kifuani pake kulikuwa na kitu chekundu kilichokunja ngumi. Nilisogea taratibu. Nyuma yangu nikasikia viatu vizito vya Baba, na ghafla mkono wake ukatua begani kwangu. Nilijikunyata, nikakaza mwili mzima, nikijua kofi langu la asubuhi limefika.

"Shusha mabega, mwanangu," Baba alisema.

Sikuweza. Nililia kwanza, kwa sauti, mbele ya mdogo wangu wa dakika ishirini. Baba alingoja, mkono uko palepale, mpaka nikavuta pumzi yangu ya kwanza ndefu.

"Jumatatu," akasema, "utakwenda nami kwa mwenye geti, umwambie kwa mdomo wako. Kisha utakwenda kwa yule mwenzako wa dawati. Nami leo nitamwomba radhi mdogo wangu, maana nilishika nyundo kabla ya kuuliza. Kosa la chaki hufutika, mwanangu. La nyundo halifutiki."